Sura ya Sita: Hesabu Inayotangulia Jiwe

Kila jengo lina hesabu mbili: ile ambayo mwenye mali huambiwa siku ya kukata shauri, na ile anayodaiwa siku ya kukabidhiwa funguo, na mtu akitaka kupima busara ya taifa katika mambo ya ujenzi, asitazame urefu wa maghorofa yake wala wingi wa vioo vyake, bali atazame umbali ulioko baina ya hesabu hizo mbili. Umbali huo umewafilisi watu waliokuwa na nia njema na akiba ya halali, umezifedhehesha serikali mbele ya raia zake, na umeacha kuta zisizo na paa zikiota majani katika miji mingi ya dunia, ya kwetu ikiwamo. Sura hii inaeleza jinsi kompyuta, simu na vyombo vinavyoandamana navyo vinavyoufupisha umbali huo. Aghalabu watu husifu vyombo hivi kwa wepesi wa kuhesabu, na wepesi huo ni kweli. Lakini faida yao iliyo kubwa zaidi ni kwamba vinaileta habari ya gharama mbele ya uamuzi, mahali ilipostahili kuwa tangu zamani, ilhali zamani ilizoea kufika nyuma yake ikifuatana na majuto.

Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg, mtaalamu wa Denmark, alichapisha pamoja na wenzake wawili uchunguzi wa miradi 258 ya reli, barabara, madaraja na mahandaki katika nchi 20. Walichokiona kingemshtua hata mtu aliyekwisha kukata tamaa: katika kila miradi 10, miradi 9 iligharimu zaidi ya makadirio yake, na ziada ilikuwa wastani wa asilimia 28. Tena walipoilinganisha miradi ya zamani na ya karibuni katika kipindi cha miaka 70, hawakuona dalili yoyote kwamba wakadiriaji walikuwa wakizidi kuwa sahihi. Lau kosa lingekuwa la ujinga mtupu, walisema, mara nyingine makadirio yangezidi na mara nyingine yangepungua, na maarifa yakiongezeka makosa yangepungua. Lakini kosa lilielemea upande mmoja siku zote, nao wakahitimisha kwamba sababu inayolieleza vizuri zaidi ni watu kupunguza hesabu kwa makusudi ili mradi upate kukubaliwa. Basi maradhi ya gharama yana asili mbili, kutojua na kutosema kweli, na ni wajibu wa msomaji kuzikumbuka zote mbili, kwa kuwa dawa tunayoizungumza inaiponya ya kwanza kwa nguvu kubwa, na ya pili kwa kiasi tu.

Ili thamani ya jambo jipya ifahamike, yafaa kwanza tuitazame kazi ya kale kwa heshima inayoistahili. Mkadiriaji majenzi ni mtu wa taaluma iliyokomaa Uingereza, ambako chama cha wapimaji kiliundwa London mwaka 1868, na ambako mwaka 1922 ilichapishwa kanuni moja ya namna ya kupima kazi za ujenzi, ili makandarasi kumi wanaoomba zabuni moja wawe wanazungumza juu ya kitu kimoja. Mtu huyu alitandaza ramani juu ya meza, akashika rula yake ya vipimo, akaandika katika karatasi yenye mistari urefu, upana na kimo cha kila ukuta. Akazidisha, akajumlisha, akatoa nafasi za milango na madirisha. Kisha mwenzake akaikagua hesabu hiyo tarakimu kwa tarakimu, na mwisho vyote vikakusanywa katika mchanganuo mmoja wa kazi na bei, kuanzia uchimbaji wa msingi mpaka rangi ya mwisho. Ilikuwa kazi ya uaminifu na uvumilivu mwingi. Walakini ilichukua wiki, pengine miezi. Na ikiwa katika muda huo msanifu aliusogeza ukuta mmoja, hesabu ya ukuta ule, ya sakafu zilizo pande zake mbili, ya dari, ya plasta na ya rangi, ilikuwa haina budi kufanywa upya. Kwa sababu hiyo gharama ya jengo ilijulikana kwa yakini mara moja tu, karibu na siku ya kufungua zabuni, wakati ambapo mambo yanayoikuza au kuipunguza yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na watu wenye haraka.

Hatari ya kuamua kwanza na kuhesabu baadaye haikupata kudhihirika zaidi kuliko ilivyodhihirika Sydney, katika nchi ya Australia. Mwaka 1957 Jørn Utzon, msanifu wa Denmark, alipata ushindi katika mashindano ya kusanifu jumba la muziki kando ya bandari, na umbo alilolichora, la magamba makubwa yaliyoinuka juu ya maji, lilikuwa tukufu kiasi kwamba watawala walitaka kazi ianze kabla ya mtu yeyote kujua magamba yale yatajengwaje. Ujenzi ukaanza mwaka 1959. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na jumba lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963. Paa lilipopatiwa ufumbuzi, ilionekana kwamba nguzo zilizokwisha kusimamishwa hazina uwezo wa kulibeba, zikabomolewa na kujengwa nyingine. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973, na gharama yake ilifika dola milioni 102. Ajabu ni kwamba kompyuta ilikuwapo katika kazi hiyo: wahandisi waliitumia kukokotoa nguvu zinazopita katika magamba yale, na bila yake pengine yasingesimama. Lakini hesabu ya nguvu ilikwenda njia yake na hesabu ya fedha ilikwenda njia yake, wala hapakuwa na chombo kilichoziunganisha mbele ya macho ya mwamuzi.

Fikra ya kuziunganisha ilitangazwa mwaka 1975 na Charles Eastman, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, aliyependekeza kwamba jengo lisielezwe tena kwa michoro mingi iliyotengana, bali kwa kumbukumbu moja ndani ya kompyuta, ambamo kila boriti na kila dirisha limeandikwa mara moja tu pamoja na vipimo na sifa zake, na michoro pamoja na orodha za vifaa zikatolewa humo kila zinapohitajika. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali na dhaifu, kwa hiyo fikra ilingoja. Kabla haijatimia, mwaka 1979 lilitokea jedwali la kompyuta, babu wa Excel ambayo leo imo katika kila ofisi ya mkandarasi, na jedwali hilo likamwondolea mkadiriaji adha ya kujumlisha. Ila lilimwacha na adha ya kupima, maana bado alilazimika kusoma mchoro kwa jicho na kuingiza vipimo kwa mkono. Baada ya mwaka 2000 ndipo programu za modeli ya jengo, yaani za kumbukumbu ile moja aliyoifikiria Eastman, zilipoenea. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba ifikapo 2016 miradi ya serikali kuu itatumia modeli za namna hiyo, na mwaka 2018 ikatoka sehemu ya kwanza ya kanuni ya kimataifa ya kuzitunza habari zake, inayojulikana kwa jina la ISO 19650.

Na tuitazame modeli hiyo kwa karibu, katika jambo dogo linalotukia kila siku. Tuseme mtu anajenga jengo la ghorofa, na kila sakafu yake ya zege ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, na unene wa milimita 150. Zege ya sakafu moja ni mita za ujazo 18. Katika kikao mtu mmoja anasema kwamba, kwa ajili ya kutuliza nafsi, unene uongezwe ufike milimita 175. Na kwa kuwa milimita 25 ni upana wa vidole viwili visivyonenepa, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Zamani kikao kingeishia hapo. Katika modeli, mara unene unapobadilishwa, ujazo unasomeka mita 21, yaani ziada ya mita 3 kwa kila sakafu, ambayo katika mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne inataka karibu mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga, kokoto, maji na ujira wake. Tena zege hiyo ina uzito wa tani 7 na zaidi kwa kila sakafu. Sakafu zikiwa tano, nguzo za chini na msingi zinaongezewa mzigo wa tani 36, na mhandisi hana budi kuulizwa kama nondo za nguzo zinatosha. Uamuzi ulioonekana mdogo umevua vazi lake, nao umevua katika kikao kilekile, mbele ya watu walewale wenye mamlaka ya kuukubali au kuukataa. Yamkini wataukubali, na huenda ni haki waukubali. Ila wataukubali wakiijua bei yake.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mageuzi haya. Siku za mwanzo za mradi, wakati kila kitu kingali karatasini, ni rahisi kubadili jambo na gharama ya kulibadili ni ndogo. Kadiri kazi inavyopanda ndivyo uwezo wa kubadili unavyopungua na gharama ya kubadili inavyokua, hata ifikapo siku ya kuezeka, mwenye mali hana uhuru mwingine zaidi ya uhuru wa kulipa. Maarifa yanayokuja siku hiyo ni maarifa ya mhasibu wa mirathi. Maarifa yanayokuja wakati wa kuchora ni maarifa ya mwenye tadbiri, na chombo kinachoyahamisha maarifa kutoka siku ile kuja siku hii kimefanya kazi kubwa kuliko kuongeza kasi ya kujumlisha.

Kazi ikishaanza, huja swali jingine: je, fedha zinazotoka zinalingana na kazi inayoonekana? Hapa watu wengi hudanganyika kwa hesabu iliyo kweli. Tuchukue nyumba yenye bajeti ya shilingi milioni 100, inayotarajiwa kujengwa kwa miezi 10, kila mwezi kazi ya milioni 10. Mwezi wa tano umekwisha, na daftari linaonyesha kwamba zimetumika milioni 50. Mwenye nyumba anafurahi: nusu ya muda, nusu ya fedha. Lakini mkadiriaji akizunguka na kupima kilichojengwa, akaona kwamba kwa bei za mchanganuo kazi iliyokamilika ina thamani ya milioni 40 tu, basi kila shilingi iliyotoka imezaa kazi ya senti 80, na mwendo huo ukiendelea nyumba itagharimu milioni 125. Hesabu hii ya kulinganisha kilichopangwa, kilichotumika na kilichopatikana si ngeni. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiamuru kwa wakandarasi wake tangu mwaka 1967. Ilikuwa nadra kuonekana katika majengo ya kawaida kwa sababu kupima kazi yote kila mwezi kulimaliza nguvu za watu. Sasa msimamizi aliye saiti anaweza kuweka alama katika simu au kishikwambi juu ya kila sehemu ya modeli iliyokamilika, na mwezi usiishe kabla ufa wa milioni 10 haujaonekana, ungali ufa, haujawa ukuta.

Kazi za udongo nazo zimepata shahidi mpya. Tangu zamani mzozo baina ya mwenye mali na mkandarasi ulikuwa juu ya kiasi cha udongo uliochimbwa, na wengi walipenda kuhesabu malori yanayotoka. Hesabu hiyo ina hila ndani yake hata pasipo mtu mwenye hila, kwa kuwa udongo ukichimbuliwa huvimba, na shimo la mita 100 za ujazo laweza kujaza malori ya mita 120 au 130. Ndege ndogo isiyo na rubani hupita juu ya eneo kabla ya kuchimba na baada yake, ikapiga picha nyingi zinazopandana, na programu ikatoa umbo la ardhi katika hali zote mbili pamoja na tofauti yake. Ufundi huu si mgeni katika pwani yetu: tangu mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilipigwa ramani kwa ndege za namna hiyo, katika kazi iliyoongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kuzirusha.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya serikali na makampuni makubwa, ilhali sisi wengi tunajenga nyumba zetu chumba kwa chumba, kwa mshahara wa mwezi, na fundi wetu hana kompyuta. Neno hilo ni la haki. Walakini mapinduzi ya gharama kwa mjenzi mdogo yalikwisha kuingia kwa mlango mwingine, yaani simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na pamoja na urahisi wake wa kupeleka fedha ilileta kitu ambacho ujenzi mdogo haukuwa nacho: ushahidi wa kila malipo, wenye tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Na sasa daftari lajiandika lenyewe, hata kwa mtu asiyependa kuandika. Yule aliyeko Muscat au London, anayejenga Tanga kwa mkono wa ndugu yake, aweza kumlipa muuza saruji moja kwa moja, akapokea picha ya mifuko iliyoshushwa, na mwisho wa juma akailinganisha mifuko iliyonunuliwa na matofali yaliyofyatuliwa. Jambo hili haliwaondolei ndugu heshima. Kinyume chake linamlinda aliye mwaminifu, ambaye zamani alikuwa hana cha kujitetea nacho pale mnong'ono ulipopita baina ya jamaa kwamba fedha za saruji zimeliwa.

Katika mali ya umma nako daftari limehamia mahali pa wazi zaidi. Tangu mwaka 2023 taasisi za umma za Tanzania zimetakiwa kufanya ununuzi wao katika mfumo mmoja wa kielektroniki, uitwao NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Zabuni iliyokuwa bahasha sasa ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina tabia ambayo bahasha haikuwa nayo: yaweza kulinganishwa na nyingine. Bei ya mita moja ya ukuta katika shule ya wilaya hii ikisimama kando ya bei ya ukuta uleule katika wilaya ya jirani, tofauti isiyo na sababu huanza kuuliza maswali yenyewe, hata kabla mkaguzi hajafika.

Nimeyasifu mambo haya kwa moyo mweupe, na kwa moyo huohuo sharti niseme mipaka yake. Modeli haina mizani. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa kila mita, na nondo nzima ya mita 12 haipungui kilo 10 na nusu. Ikiwa duka limeleta nondo yenye kipenyo cha milimita 11 kwa jina la 12, kila nondo itakuwa na kilo 9 hivi, nguvu iliyolipiwa imepungua kwa asilimia 16, na kompyuta itaendelea kuonyesha kwamba kila kitu ni salama, kwa kuwa iliambiwa 12 nayo imeamini. Msimamizi anayesimama langoni na mizani, akapima nondo chache katika kila mzigo kabla ya kutia saini hati ya kupokea, bado anafanya kazi ambayo hakuna programu iliyoichukua. Kadhalika mkadiriaji majenzi hajapoteza kazi yake. Ameondolewa utumwa wa kuzidisha ili apate wasaa wa kushauri, kutilia shaka bei zinazopendeza mno, na kuuliza ni kitu gani kimesahauliwa. Maana kompyuta huhesabu kilichochorwa, ilhali hasara nyingi zimo katika kisichochorwa, kama njia ya kufikia kiwanja, maji ya kuchanganyia zege, na mvua za masika.

Mpaka mkubwa zaidi uko katika nafsi za watu, na mfano wake ni jengo la Bunge la Scotland. Mwaka 1997 wananchi waliambiwa kwamba bunge lao litagharimu baina ya pauni milioni 10 na milioni 40. Lilifunguliwa mwaka 2004, na gharama yake ya mwisho ilikuwa pauni milioni 414. Nchi ile haikukosa kompyuta wala wakadiriaji hodari. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Fraser ulionyesha kwamba ulichaguliwa mkataba ulioacha hatari karibu yote mikononi mwa umma, kwamba kazi ilianza ilhali usanifu haujakamilika, na kwamba habari za gharama hazikufika kwa wakati kwa wale waliopaswa kuzijua. Jambo hilo la mwisho ndilo la kuzingatia. Hesabu ilikuwapo, njia ya kuifikisha kwa mwenye haki ya kuijua ndiyo iliyozibwa. Chombo chenye kasi, kikiwekwa katika ofisi inayoogopa ukweli, kitazalisha uongo kwa kasi, tena uongo wenye michoro ya rangi na tarakimu mbili baada ya nukta, ambao ni mgumu kupingwa kuliko uongo wa kalamu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mageuzi haya ni hii: kompyuta imeondoa udhuru wa kutojua. Mtu aliyejenga nusu karne iliyopita na akapatwa na hasara aliweza kusema kwa haki kwamba gharama ilifichikana mpaka siku ya mwisho; anayejenga leo hana neno hilo, na akilisema, yafaa aulizwe ni nani aliyemficha, au ni kwa nini hakutaka kuona. Ofisi za umma na zizitoe bei za kazi zao mahali ambapo raia na mkaguzi wanaweza kuzilinganisha. Vyuo vyetu na viwafundishe vijana modeli na mizani kwa pamoja. Na wewe msomaji, uwe unajenga bunge la nchi au vyumba viwili vya wanao, usitie saini badiliko lolote, hata liwe la vidole viwili, kabla hujaonyeshwa bei yake kwa maandishi.